Ukungu wa Puani, Ukungu wa Machoni

Masikio, Pua na Koo: daktari wetu wa Mwanza anajibu barua za wasomaji

Barua za safari hii zimetoka pande mbalimbali za ziwa, na waandishi wake hawajuani, lakini zote zinazunguka jambo moja: fangasi walioingia puani wanalifikiaje jicho? Lugha yetu yenyewe inatutega kidogo hapa. Tunaita ukungu kile kinachoota juu ya mkate uliolala, na tunaita ukungu kile kinacholifunika ziwa alfajiri hata mtu aliyesimama ufukweni asikione kisiwa cha Saanane. Mgonjwa anayeniambia "naona ukungu" huwa anauzungumzia ule wa pili. Wachache, na hao ndio wa kuwahiwa, huwa wameutaja ukungu wa aina zote mbili kwa neno moja bila kujua.

*Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61, na kisukari anacho mwaka wa 9 sasa. Tunaishi Igoma. Alikwenda msibani Magu kwa dada yake aliyefiwa na mume, dawa zikamwishia huko, akakaa karibu wiki mbili bila kumeza kitu. Aliporudi alikuwa na kiu isiyokatika, kisha likaanza kumuuma jino la juu upande wa kulia, na shavu likavimba. Duka la dawa wakampa antibayotiki pamoja na vidonge vidogo vyeupe vya kupunguza uvimbe. Tangu juzi kope ya jicho la kulia imelala, jicho lenyewe halizunguki, na leo asubuhi ameniambia anaona ukungu. Kituo kimoja tulichokwenda walisema ni presha ya macho, wakatupa dawa ya matone. Kinachotutia moyo ni kwamba maumivu ya shavu yamepungua sana, anasema pale pamekufa ganzi. Je, tuyape matone muda gani?*
*Binti wa Igoma*

Marahaba, binti yangu. Wasomaji wengine wafahamu kwamba barua hii haikusubiri zamu yake. Ilipoingia kwenye simu ya ofisi saa mbili usiku mhariri alinisomea, nami nikampigia mwandishi wake saa ileile nikamwambia wasingoje kuche: wampeleke mama moja kwa moja kwenye hospitali kubwa yenye daktari wa pua na daktari wa macho, waombe apimwe sukari pale mapokezi, na walitaje neno "fangasi" wao wenyewe kama hakuna mwingine atakayelitaja. Haya ninayoyaandika sasa, kwa ruhusa yake na ya mama, ni sababu za haraka ile.

Uso wetu si mfupa mtupu. Ndani yake mna vyumba vya hewa, ambavyo wengi wanaviita sainasi, navyo ni jozi nne: mashavuni, juu ya nyusi, katikati ya macho, na nyuma kabisa chini ya ubongo. Ukuta unaotenganisha vile vya katikati na tundu la jicho ni mwembamba kiasi kwamba wataalamu wa maumbile ya mwili waliupa jina la karatasi. Huko nyuma, mshipa wa fahamu unaobeba picha kutoka jichoni kwenda ubongoni hupita ubavuni mwa chumba cha mwisho, na kwa baadhi ya watu mfupa wa kuutenga na chumba hicho haupo, ni utando tu. Pua na jicho, kwa hiyo, ni kama vyumba vya kupanga vya Mabatini, ambamo jirani akikohoa wewe ndiye unayeamka.

Fangasi wenyewe si wageni. Mbegu zao, ambazo ni vumbi lisiloonekana kwa macho, zimo kwenye udongo, kwenye majani yaliyooza na kwenye matunda yaliyolala. Tunazivuta kila siku, na chembe nyeupe za damu huziua kabla hazijapata pa kuota. Kisukari kikiachwa bila dawa hadi damu ikawa na asidi, chembe hizo hulegea na kuchelewa kazini, huku sukari ikiwa imejaa kila mahali. Tena madini ya chuma, ambayo kwa kawaida hushikiliwa na protini za damu, huachiliwa na asidi ile yakabaki huru, na kuna jamii ya fangasi ambao hustawi mno wakipata chuma. Ugonjwa wao unaitwa mukomaikosisi. Mtu mwenye afya yake anaweza kuvuta mbegu hizohizo miaka 60 asipate hata chafya. Ndiyo maana mgonjwa akiniuliza ni dawa gani inayoua fangasi, mimi huanza kwa kuuliza fangasi hao wamemkuta nani na katika hali gani, kwa kuwa jibu la dawa limo humo.

Wakishaota, hawatulii juu ya utando wa pua. Huingia kwenye kuta za mishipa ya damu, damu ikaganda humo, na nyama iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule ikafa. Nyama iliyokufa haiumi. Nyumbani walishukuru maumivu ya mama yalipopungua. Mimi, mhariri alipofika kwenye mstari huo, ndipo nilipoinuka kitini. Kope kulala, jicho kukataa kuzunguka, ngozi kufa ganzi na kuona ukungu, kila moja lina mshipa wake wa fahamu, na mishipa hiyo hukaribiana sana katika pembe ya nyuma kabisa ya tundu la jicho, pale linapopakana na ile sainasi ya mwisho. Dalili hizo zikija kwa pamoja zinaonyesha pembe hiyo kama kidole. Presha ya macho hailazi kope, wala haizuii jicho kuzunguka.

Simlaumu sana aliyetoa matone, kwa maana presha ya macho ipo na ni ya kawaida, na huenda kituo kile hakikuwa na taa ya kutazamia ndani ya jicho. Kwenye vile vidonge vidogo vyeupe ndipo ninapokuwa mkali. Nilivitambua nilipowapokea hospitalini usiku ule, binti alipoutoa mfuko wa kaki kwenye pochi: ni prednisoloni, dawa njema mikononi mwa anayejua anachokitibu, lakini kwa mwenye kisukari hupandisha sukari na kuzilaza chembe nyeupe za damu kwa wakati mmoja. Kumpa bila kumpima ni kuwachochea kuni fangasi.

Usiku ule sukari yake ilikuwa 27 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, ambayo ndiyo harufu ya damu yenye asidi. Nilipomwingizia puani kamera nyembamba tunayoiita endoskopi, niliona kwenye kinyama cha ubavuni gamba jeusi, lenye ukubwa wa punje ya mahindi. Nililigusa kwa ncha ya chombo. Hakutoka damu, na mama hakushtuka. Aliniuliza kama nimeshaanza. Kipande kidogo kilichokatwa hapo kilitiwa maji ya potasiamu hidroksidi na kuwekwa chini ya hadubini, na nyuzi za fangasi, pana na zenye kukunjamana kama utepe, zikaonekana kabla hapajapambazuka.

Matibabu yake ni mafiga matatu, na chungu hakikai kwa figa moja. La kwanza ni kuirudisha sukari mahali pake na kuondoa asidi kwa insulini na maji ya mshipani. La pili ni dawa ya amfoterisini B, ambayo hospitali zetu zinaifahamu kwa sababu ndiyo inayotumika pia kutibu homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi kwa baadhi ya wenye virusi vya ukimwi; hutiwa mshipani taratibu kwa saa kadhaa kila siku, na figo pamoja na potasiamu ya damu hupimwa mara kwa mara kwa kuwa ni dawa inayoziumiza figo. La tatu ni upasuaji wa kuondoa kila kilichokufa. Jamaa wengi hukwama hapo, wakitaka dawa ijaribiwe kwanza. Dawa husafiri kwa damu, na penye mshipa ulioziba damu haifiki, kwa hiyo dawa nayo haifiki. Daktari asipokata, anamwaga dawa nje ya mlango. Wakati mwingine hulazimika kuliondoa jicho lenyewe ili fangasi wasipande ubongoni, na hakuna mazungumzo magumu katika kazi yetu kuliko hayo.

Mama hakufikia hapo. Alikaa wodini wiki 6, akaingia chumba cha upasuaji mara 3, na jicho lake lipo mahali pake ingawa halioni tena. Mshipa mkuu wa damu unaolilisha jicho kwa ndani ulikuwa umeziba, na utando wa kuonea hauwezi kuishi bila damu zaidi ya saa chache. Jicho la kushoto linaona vizuri. Nikisema kwamba karibu nusu ya wanaopata ugonjwa huu wa pua hufariki, binti ataelewa kwa nini nilimpongeza siku ya kuruhusiwa badala ya kumpa pole.

*Daktari, mimi ni kijana wa miaka 23, kazi yangu ni kufunga magunia ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Pua yangu imeziba mwaka wa tatu huu, nilishaambiwa nina nyama za puani. Nikipenga yanatoka makamasi mazito ya kahawia, yananata kama siagi ya karanga. Sasa jicho la kushoto limeanza kutokeza nje, wenzangu wamenibandika jina kwa ajili hiyo, na jioni nikiziba jicho la kulia siwezi kusoma ujumbe kwenye simu. Sina kisukari, nilipima. Mmoja ananiambia ni saratani, mwingine ananiambia ni husuda ya biashara. Je, ni vumbi la dagaa?*
*Mbeba magunia, Kirumba*

Kijana wangu, kuhusu husuda sina kipimo chake. Kuhusu hayo makamasi, maelezo yako ni mazuri kuliko ya madaktari wengi wanafunzi, kwa sababu siagi ya karanga ndiyo mfano unaotumiwa hata vitabuni kuueleza ugonjwa ninaoushuku kwako, yaani sainasi ya fangasi inayotokana na mzio.

Hapa habari inageuka kabisa. Kwa mama wa Igoma kinga ilikuwa imelala. Kwako kinga ina makelele kupita kiasi. Fangasi wamekaa tu katika makamasi, hawajaingia kwenye nyama, lakini mwili wako umewachukia mno: utando unavimba na kuota vile vinyama, makamasi yanakuwa mazito, yanashindiliwa chumbani mwaka baada ya mwaka kama pumba kwenye gunia, na mwishowe chumba kinatanuka. Mfupa unaosukumwa polepole hivyo hukonda na kupinda, na ukuta ule wa karatasi ukisogea, jicho halina pa kwenda isipokuwa mbele. Jicho lako limesukumwa, halijaliwa.

Tofauti hiyo ndiyo inayonipa matumaini juu ya uoni wako. Mshipa wa fahamu uliobanwa, ambao bado una damu yake, mara nyingi huamka mzigo ukiondolewa, na nimewaona vijana walioanza kusoma tena siku chache baada ya upasuaji. Ukibanwa miezi mingi hunyauka, na ukishanyauka haurudi hata mzigo ukitoka wote. Kwa hiyo fanya jaribio hili leo. Chukua kizibo chekundu cha chupa ya soda, kishike mbele yako mchana, ukitazame kwa jicho la kulia pekee, kisha kwa la kushoto pekee. Ikiwa kwa jicho la kushoto wekundu unaonekana umechuja, kama kanga iliyofuliwa mara nyingi, basi mshipa wenyewe umeshaguswa, nawe usihesabu wiki, nenda kesho. Madaktari wa macho hutumia kizibo cha namna hiyohiyo, kwa kuwa rangi nyekundu huanza kufifia mapema kabla herufi hazijapotea.

Utahitaji picha ya CT ya vyumba vya uso, na yumkini MRI. Anzia hospitali ya Sekou Toure upate barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, ambako daktari wa pua na daktari wa macho wanaweza kukutazama chini ya paa moja, na usikubali kutazamwa na mmoja tu kati yao. Upasuaji hufanyika kupitia matundu ya pua, bila kovu usoni. Kisha, na hapa wasomaji wa barua ya kwanza watashangaa, huenda ukapewa prednisoloni, vidonge vilevile vilivyomponza mama yule, kwa sababu kazi yake kwako ni kuituliza kinga iliyochachamaa. Tafadhali usiende kuvinunua mwenyewe baada ya kusoma mstari huu. Kuna sababu ya kungoja kinyama kikatwe na kupimwa kwanza.

Sababu yenyewe ni hii. Lipo umbo la tatu la ugonjwa, linaloenda polepole kwa miezi hata miaka, ambalo huwapata watu wenye kinga nzuri tu na ambalo limeelezwa sana kutoka Sudan na India: fangasi huingia ndani ya nyama, mwili ukajenga uvimbe mgumu kuwazunguka, na jicho likasukumwa kama lako. Anayelileta mara nyingi ni Aspergillus flavus, yule yule anayeota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu na kutuachia sumukuvu. Huyo akikutwa, kinachotakiwa ni dawa ya fangasi kwa miezi mingi, na prednisoloni ya kujinunulia inaweza kumfungulia njia. Kipande hichohicho cha nyama ndicho kitakachojibu pia swali la saratani, ambalo siwezi kulijibu kwa barua, ingawa makamasi ya rangi ile na miaka mitatu ya kuziba vinanielekeza kwingine.

Ama dagaa, usiwashtaki bila ushahidi. Mbegu za fangasi zimo katika hewa ya soko, ya nyumba na ya kanisa. Vumbi la magunia linaweza kukuchokoza pua, na barakoa haitakudhuru, lakini hata ukihamia kuuza nguo Makoroboi ugonjwa huu usipotibiwa utakufuata. Hata ukitibiwa una tabia ya kurudi. Baada ya upasuaji utatakiwa kuisafisha pua kila siku kwa maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai katika robo lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Narudia, yaliyochemshwa. Usiyachote ziwani wala usiyakinge bombani ukayapandisha puani hivihivi, kwa sababu maji yasiyo ya chumvi yenye joto yanaweza kuwa na ameba ambaye, akipita puani, hufika ubongoni.

*Daktari, mimi ni mwalimu hapa Nansio, miaka 58. Nilipiga picha ya CT kwa ajili ya maumivu ya kichwa, ikaonekana nina donge la fangasi katika sainasi ya shavu la kushoto, juu ya jino nililozibwa mzizi miaka ya nyuma. Nimetumia flukonazoli miezi mitatu na donge lipo vilevile. Sina kisukari wala sitibiwi ugonjwa mwingine wowote. Je, nitapofuka?*
*Mwalimu, Ukerewe*

Kwa hali uliyoieleza, Mwalimu, sitarajii. Donge la namna hiyo ni fangasi waliojikusanya katika chumba kisichopata hewa ya kutosha, wakakaa humo kama uchafu uliosahaulika stoo, na dawa ya kuzibia mizizi ya meno ya juu ikivuja kuingia kwenye sainasi huwa kitu wanachopenda kuota juu yake. Hawali nyama. Flukonazoli haikushindwa kwa sababu dozi ilikuwa ndogo. Haikuwa na kazi pale, kwanza kwa kuwa donge halina damu ya kuipeleka dawa, pili kwa kuwa fangasi wa jamii ya Aspergillus hawaisikii dawa hiyo. Hata ile jamii iliyomshambulia mama wa Igoma haiisikii. Tiba yako ni kupanua mlango wa chumba na kulitoa donge, mara moja, bila vidonge vya fangasi baadaye.

Ningekuwa na hofu zaidi kama donge lingekuwa katika chumba cha nyuma kabisa, kule unakopita mshipa wa jicho. Nalo usiliache likae kwa kuwa tu haliumi: siku mwili ukidhoofika, kwa kisukari au kwa dawa za saratani, mpangaji huyo mpole anaweza kubadilika. Panga safari wakati wa likizo, siyo lazima upande meli ya kesho.

*Habari ya kazi daktari. Nafanya biashara ya mahindi Sengerema. Maswali yangu ni matatu. Je, hawa ndio fangasi weusi waliosikika India? Je, mgonjwa akiwa nyumbani anaambukiza watoto? Na je, kujifukiza kwa mwarobaini kunasaidia?*
*Mfanyabiashara, Sengerema*

Nzuri, ndugu yangu. Ndio haohao wa barua ya kwanza. Mwaka 2021, UVIKO-19 ilipoitikisa India kwa wimbi la pili, Serikali ya huko iliorodhesha zaidi ya wagonjwa 40,000 wa mukomaikosisi katika miezi michache, na wengi wao walikuwa na kisukari, wakawa wamepewa dawa za jamii ya prednisoloni ili kuokoa mapafu. Dawa hizo ziliwaokoa wengi. Zikitumiwa bila kipimo, zilifungua mlango mwingine. Jina la fangasi weusi, hata hivyo, si sahihi. Fangasi wenyewe si weusi. Kilicho cheusi ni nyama iliyokufa, na ukingoja weusi huo ujitokeze kwenye ngozi ya pua au kwenye kaakaa ndipo uamini, umechelewa.

Hawaambukizi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Watoto walale na bibi yao, wale naye sahani moja.

Mvuke wa mwarobaini hulainisha makamasi na kumpa mtu nafuu ya saa moja, nami sina ugomvi nao kwa mafua ya kawaida. Fangasi hauwaui. Lakini mwenye shavu lililokufa ganzi asiinamishwe juu ya chungu cha maji yanayochemka, kwa kuwa ataungua asijue, na muda wa kumfunika blanketi ni muda wa kumfikisha hospitali. Kwa biashara yako, mahindi yaliyoshika ukungu yasigeuzwe kwa mikono mitupu na mtu asiye na barakoa, na kama una kisukari, mwachie kazi hiyo mwingine.

Binti wa Igoma ameniandikia tena wiki iliyopita. Mama anataka kurudi Magu kumtazama dada yake, na nyumbani wanabishana. Aende. Sasa anatumia insulini, basi achukue ya kutosha siku zote za safari na wiki moja ya ziada, na kama kule hakuna friji, aiweke kwenye chungu cha udongo kilichozungushiwa kitambaa kibichi, kivulini, mbali na jiko. Akipatwa na kiu ya ghafla, akitapika, au shavu likianza kuuma au kufa ganzi, asingoje gari la kesho. Na kizibo chekundu nilichompa siku ile wodini asikiache Igoma: kila asubuhi akitazame kwa jicho la kushoto, mlangoni, penye mwanga.